Mbuzi wa Mama na Makaburi ya Mji

Nyuma ya chumba tulichopanga Kitui mjini kulikuwa na ua wa kayaba, na nyuma ya ua kulikuwa na makaburi. Jirani za makaburi hayo walikuwa wazee wenzake: ofisi ya DC yenye kuta nene za enzi za mkoloni, jela iliyojengwa na mkoloni huyohuyo, na safu ya maduka ya Wahindi yenye vibaraza vya mbao. Upande wa mbele walilala Wazungu wachache, mawe yao yameinama. Upande wa nyuma, penye vilima vya udongo visivyo na jiwe wala jina, ndiko walikozikwa watu wasio na kwao.

Kwetu Ukambani mtu huzikwa nyumbani, shambani, wajukuu wakipita wanaona alipolala. Kuzikwa mjini kulikuwa kutupwa. Hata mashimo yenyewe yalichimbwa na wafungwa. Ukiwaona wametoka jela na majembe, wanavuka barabara mbele ya ofisi ya DC, ulijua kuna maiti hospitalini ambayo haijauliziwa na mtu. Mama akiwaona alifunga dirisha, hata siku za joto kali.

Sababu yake niliijua, maana nilikuwa mtoto wa kusikiliza mlangoni. Baba hakuwahi kupeleka mbuzi wa ntheo nyumbani kwao mama, Matinyani. Bila mbuzi hao mwanamke wa Kikamba, hata akizaa kumi, si mke wa mtu, na shamba la mwanamume huyo si mahali pake pa kuzikwa. Wajomba nao walishasema shamba lao si la mtu aliyetoroka na mwanamume. Mama alikuwa amebaki katikati, na hiyo katikati ilikuwa pale nyuma ya dirisha letu.

Mwaka ule wa njaa, wa mahindi ya njano ya msaada, mama akalazwa, tumbo limemvimba. Mbuzi walikuwa wamekufa kila mahali, na waliobaki walikuwa ngozi na mifupa. Baba, mtu wa kesho kila siku, safari hii hakusema kesho. Alifunga viatu akaenda kutafuta mbuzi hadi Ikutha, akaniacha nimpelekee mama uji.

"Mwambie avumilie," aliniambia. "Mbuzi zinakuja."

Nikashika neno hilo. Nikaomba mbuzi asubuhi na jioni, kanisani na hata chooni.

Siku moja nikitoka sokoni nikawaona wafungwa wanavuka na majembe. Asubuhi hiyo mama alikuwa hajafungua macho nilipompelekea uji. Nilipenya kwenye kayaba, miiba ikanichana mikono, nikasimama katikati ya mawe ya Wazungu. Walikuwa wanateremsha sanduku la mbao ambazo hazikupigwa hata randa. Niliogopa kuuliza, na kutouliza nikakuogopa zaidi.

"Wewe kasichana, unatafuta nini huku?" askari jela akanifokea.

"Ni nani huyo?"

"Ni mzee fulani tu. Alikuwa anasukuma mkokoteni huko stendi. Hana mtu."

Nilifurahi. Nilifurahi kweli, mzee wa watu akiwa hajafunikwa bado, na furaha ile ikanitia hofu nyingine.

Baba alirudi amekonda kuliko mbuzi aliowaswaga. Aliwapeleka Matinyani moja kwa moja, kisha akaja wodini na vumbi lake lote. Mimi nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda na kikombe cha uji.

"Wamepokea?" mama akauliza kabla hajasalimiwa.

"Wamepokea. Kaka yako mkubwa amezifunga kamba kwa mkono wake."

Mama alifumba macho, akatabasamu. Sikuwa nimemwona akitabasamu tangu alazwe.

"Basi sawa," akasema. "Sasa hata nikifa leo, niko na mahali."

Kikombe kilinitoka mkononi. Siku zote hizo nilidhani mbuzi wale ni wa kumponya. Hakuna mtu mzima aliyejisumbua kuniambia kwamba ni wa kumzika. Mama alikuwa bado anatabasamu, baba ameinama anaokota kikombe, nami nikaanza kuomba upya, haraka haraka, kwamba wajomba wabadili nia, wawarudishe mbuzi wale.