Jina Lililopiga Kura Kanada

Nilikaa Texas miaka kumi na minne, na nilirudi kwa tiketi niliyoinunua mwenyewe, kontena langu la futi arobaini likinifuata baharini. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo waliorudishwa, na majirani zangu hapa Kibaha hawaoni tofauti mpaka waelezwe. Mimi sikurudishwa. Niliondoka nyumbani na diploma ya uwakala wa forodha, nikaanza kwa kupakua maboksi Fort Worth, na kabla mwaka wa tatu haujaisha nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu, nikiandaa nyaraka za malori yanayokwenda Kanada. Ofisi nzima haikuwa na mtu aliyeujua mpaka ule kama mimi. Wenye digrii walikuja kuniuliza.

Kwa hiyo siasa za Kanada sikuzisoma kwenye simu kama wengine. Niliziona zikiharibika kwenye karatasi. Kulikuwa na bwana mmoja wa upande wa pili wa mpaka niliyefanya naye kazi miaka mingi bila kuonana. Kila akipiga simu alianza na habari za theluji, kisha aliomba samahani kwa kosa ambalo mara nyingi lilikuwa letu. Ulipofika wakati ule Marekani ilipoanza kusema kwamba Kanada ingefaa iwe jimbo lake, na ushuru ukawa unatangazwa asubuhi na kusimamishwa jioni, theluji ilikwisha kwenye mazungumzo yetu. Alitaja namba ya mzigo, akangoja nimjibu. Siku moja nikamtania kwamba hata samahani zao sasa zinalipiwa ushuru. Akaniambia nchi yake imechoka. Imechoka na majirani na imechoka na wageni. Alipofika kwenye wageni nikaisikia lafudhi yangu mwenyewe ikining'inia kwenye waya.

Wakati huohuo, kule Vickery Meadow, mtaa wa wahamiaji mjini Dallas nilikoishi mwanzoni, watu waliizungumzia Kanada kana kwamba ni chumba cha ziada nyumbani kwao. Kila aliyeona mambo ya Marekani yanambana alisema, "Nitakwenda zangu Kanada." Mimi nilikuwa nimehama pale zamani, nimenunua nyumba Cedar Hill, lakini Jumamosi nilirudi kuwajazia watu fomu, bure. Ndipo jirani yangu wa zamani, dada mmoja wa Kirundi aliyefanya kazi ya dobi hotelini, aliponiwekea chai mezani na kuniuliza.

Alikuwa ameomba hifadhi Marekani na kesi yake ilikuwa haijasikilizwa. Tarehe ilikuwa imekaribia. Wawili aliowafahamu walikuwa wamekwenda mahakamani kwenye tarehe zao, wakakamatwa mlangoni na maofisa wa uhamiaji, na hawakurudi majumbani kwao.

"Kaka, mtu kama mimi Kanada wananipokea?"

"Mtu kama wewe wanamgeuza palepale mpakani," nikamwambia. "Nchi mbili zimekubaliana. Ukiingia hii kwanza, hifadhi unaiombea hiihii. Labda uwe na ndugu wa damu anayeishi kule kihalali."

Akacheka, akapiga paja. "Basi andika, Bwana Diploma! Nina kaka kule. Tumbo moja, ziwa moja."

Akampigia hapohapo kwa video. Kaka mtu alitokea na kofia ya kiwanda cha nyama, uso umejaa furaha. Akatuambia mambo yote yatakuwa sawa, kule ni kwao, hata kura amepiga.

"Umewapigia akina nani?" dada akauliza.

"Wale wanaosema mlango upunguzwe. Wageni wamezidi huku, nyumba za kupanga hakuna."

"Ala! Na mimi je?"

"Wewe mgeni? Wewe si dada yangu!"

Akatutumia picha za nyaraka zake. Nikazisoma kama ninavyosoma nyaraka zote, yaani kwa kutafuta kosa, na kosa likanijia lenyewe. Majina ya wazazi hayakuwa yale ya dada. Jina la ukoo lisingenishtua, maana Warundi wa tumbo moja huweza kuwa na majina tofauti kila mmoja. Lakini wazazi? Na tarehe ya kuzaliwa ilikuwa miezi minne baada ya yake.

"Dada, mmepishana miezi minne. Mama yenu alikuwa na haraka gani?"

Hakucheka. Alikwenda kufunga mlango kwanza, kisha akanisimulia.

Walikulia kwenye kambi ya wakimbizi, mkoa wa Kigoma. Familia ya jirani yao ilikubaliwa kwenda Kanada, ikapewa na siku ya kusafiri. Wiki chache kabla ya safari, mtoto wao wa kiume akafa kwa malaria. Wakamzika bila kuripoti, kwa sababu kuripoti kungerudisha faili lote nyuma. Kiti kimoja kikabaki wazi. Mama yule akavuka njia, akamwomba mama yao mtoto mmoja wa kiume wa kimo kilekile. Kambini jambo hilo halikuitwa udanganyifu. Ilikuwa ni kumwokoa mmoja. Kaka mtu akaondoka na jina la maiti, akakua nalo, akapata nalo uraia, na sasa alikuwa amepiga nalo kura.

Mwingine angekata tamaa pale. Mimi niliona dawa. Mama yule wa kambini alikuwa hai. Baada ya kufiwa na mume kule Kanada alihamia Stafford, karibu na Houston, kwa binti yake aliyeolewa huko. Akiapa kwamba kijana si mwanawe, na ndugu wawili wakipimwa damu, undugu unathibitika na mpaka unafunguka. Nikaandika hati ya kiapo kwa mkono wangu, safi kuliko za mawakili wengi. Niliyafikiria yote isipokuwa yale ambayo kiapo kile kingewafanyia wale wenye majina ndani yake.

Jumamosi iliyofuata tukashuka Houston kwa gari langu. Redio ilizungumzia mipaka njia nzima. Nikiizima, dada ananiomba niwashe. Nikiiwasha, anatazama dirishani.

Yule mama alitupokea vizuri, nikamwamkia, akaniitikia marahaba. Wajukuu wakapita wakisema Kiingereza, akawafukuza wakacheze nje. Nikamsomea kiapo polepole. Alipokielewa alichukua simu yake, akanionyesha picha: kaka mtu amesimama nje ya kituo cha kura, anatabasamu.

"Huyu ni nani?" akaniuliza.

"Mama, huyo ni kaka yake huyu."

"Najua. Viatu vya mwanangu nilimvalisha mimi, siku ya safari." Akaifuta simu kwa kanga. "Sasa nisikilize, baba. Mwanangu yuko hai. Ana kazi, ana leseni, amepiga kura. Ukiipeleka karatasi yako hiyo, mwanangu anakufa mara ya pili, na safari hii nimemuua mimi."

"Lakini huyu aliye hai, mama? Akirudishwa Burundi?"

"Huyu namwonea huruma," akasema, akimtazama dada. "Mungu anajua. Lakini mimi nilizika bila kulia, ili watu wasisikie. Usinidai tena."

Dada akatoa simu yake. Akampigia kaka yake. Alikuwa kazini, mashine zinanguruma nyuma yake, na uso ule wa siku ile haukuwepo.

"Huku wameanza kufungua mafaili ya zamani," akasema kabla hajaulizwa. "Mwenzangu mmoja ameitwa. Nina watoto, dada."

"Najua. Nakuuliza kitu kimoja tu. Wakikupigia simu kutoka mpakani, wakakuuliza mimi ni nani kwako, utasema nini?"

Mashine zikaendelea kunguruma.

"Nitasema tulikuwa majirani kambini."

"Sawa."

Yule mama akanyoosha mkono, akapewa simu. "Umekula?" akamuuliza.

"Nimekula, mama."

Njiani kurudi Dallas nilisema sana. Nilimwambia kaka yake ni mwoga, na kwamba kipimo cha damu hakihitaji ruhusa ya bibi yeyote. Kesi kama ile ningeweza kuisimamia mimi mwenyewe. Akaniacha nimalize.

"Na yeye wakimvua ule uraia, wamtupe wapi?" akauliza. "Jina lake la kweli halimo kwenye karatasi yoyote duniani. Acha, kaka. Umefanya kazi nzuri." Nadhani ndiyo siku pekee niliyosifiwa nikatamani nisingesifiwa.

Tarehe yake ilipofika nilivaa suti, nikampeleka mahakamani Dallas. Wakili wake, wa shirika la kusaidia wakimbizi, alisema naweza kukaa nyuma ikiwa mwenye kesi amekubali, naye alikubali. Chumba kilikuwa kidogo, hakina dirisha. Mkalimani wa Kiswahili alikuwa sauti tu kwenye spika. Karibu na mlango walisimama maofisa wawili ambao hawakuwa na shughuli yoyote ninayoijua katika kesi ile.

Mimi nilikuwa najua jambo ambalo pengine yeye hakulijua. Nchi zile mbili zilikuwa zinagombana kwa mbao, kwa chuma, kwa maziwa, mpaka viongozi wao wanatukanana hadharani, lakini ziliendelea kupeana mafaili ya watu wanaoomba hifadhi. Kitakachoandikwa katika chumba kile, ofisa wa Kanada ataweza kukisoma mpakani hata baada ya miaka kumi; akisema hapa hana ndugu, mlango wa Kanada ameufunga mwenyewe.

Jaji akapekua karatasi, akauliza kama ana ndugu yeyote wa damu Marekani au Kanada. Mkalimani alikuwa bado anatafsiri dada alipojibu.

"Sina."

Jaji akataka iandikwe vizuri, akauliza tena. Hata mmoja?

Nilisogea mbele kwenye benchi. Ofisa mmoja akanitazama, nikarudi nyuma.

"Hata mmoja," akasema.