Magoti ya Muadhini

Dada yangu alifundisha kompyuta katika chuo kidogo cha Mji wa Kale, chumba chenye feni moja na mashine kuukuu. Huko ndiko alikoandika programu ya nyakati za swala. Wakati ukiingia, mashine ililia.

Magharibi aliiongezea dakika tatu kwa makusudi. Kipaza sauti cha msikiti wetu kilikuwa juu, na muadhini, mzee wa magoti mabovu, alipanda ngazi akinung'unika kila kidato. Mtaani kwetu hakuna aliyefuturu kabla yake. Ilikuwa ni adabu. Basi dada akaziingiza dakika hizo, na kando yake, katika maandishi ya ndani ya programu, akaacha neno kwa atakayeyasoma: "Hizi ni za magoti ya muadhini wetu. Wako akiwa mzima, zifute."

Akaigawa bure, kwa disketi na kwa mtandao, ambao wakati huo ulikuwa bado mgeni mjini. Leseni yake ilisema: chukua, geuza, hata uza ukitaka, lakini unayempa, mpe na maandishi ya ndani ayasome na kuyageuza, na jina la mtunzi usilifute.

Bibi yetu alipoelezwa alisema, "Kumbe ni wakfu. Kama kisima. Kila mtu ateke, mtu asitie kufuli."

Ramadhani ilipofika, shangazi yetu wa mtaa wa Tudor alitualika futari. Kompyuta ya kazini kwake ilikuwa mezani. Adhana ya msikiti wa kwao ikalia. Shangazi akashika tende, asiile.

"Shangazi, adhana hiyo."

"Ngojani. Ofisini wamenunua hii, ya wataalamu. Msikiti wetu huu una haraka tangu zamani."

Tukangoja, tende mikononi, mpaka mashine ikalia. Dada aliijua sauti ile. Akainuka kuitazama: programu yake mwenyewe, imepakwa rangi mpya na nembo ya kampuni moja ya mjini. Jina lake halikuwapo. Akatafuta maandishi ya ndani azifute zile dakika. Yalikuwa yamefungwa.

"Shangazi," akasema, "siku zote hizi unangoja magoti ya mzee wa mtaani kwetu."

Kesho yake tukaenda kwenye kampuni. Mkubwa wao alitupokea kwa salamu ndefu, akaulizia wazee wetu, akatuvutia viti. Mwizi wa kuku hukimbia, huyu alitukaribisha.

"Bibiye, kitu cha bure hakina mwenyewe."

"Kina mwenyewe. Asiyekuwa nacho angekitoaje bure?"

"Basi kanishtaki kwa kadhi wa mtandaoni!" Karani wake akacheka mpaka akajifunika buibui.

"Hata dakika tatu hamkuzifuta," dada akasema. "Watu wanafuturu wamechelewa."

"Dakika zipi?"

Hapo ndipo damu iliponichemka, na mpaka leo ninapoandika haijapoa. Aliiba kitu ambacho hakujishughulisha hata kukisoma. Neno la kumwongoza lilikuwa mle ndani, kwa Kiswahili, na yeye akalitia kufuli.

"Njoo basi utuondolee," akasema. "Tutakulipa."

"Rudisheni jina langu, mfungue maandishi. Mtu yeyote ataziondoa."

"Tukifungua, tutauza nini?"

Shangazi tulimpelekea disketi yetu, zile dakika tatu tumezifuta. Wengine waliouziwa hatukuwajua.

Jioni tukamkuta muadhini kwenye baraza ya msikiti, akichua miguu. Nikamsimulia. Akacheka akapigapiga mapaja.

"Yaani magoti yangu yauzwa hadi Tudor, nami sina hata mafuta ya kuchulia!"

Dada hakucheka. Alikuwa akitazama juu ya mapaa, mwanga ukiondoka.

"Panda, babu," akamwambia. "Watu wanangoja."

"Watu wangu ni wa kichochoro hiki tu, mjukuu wangu. Watanivumilia."

"La," dada akasema, akimshika mkono kumwinua. "Sasa ni mji mzima."