Mashuka Kumi na Moja

Mke wangu alifua mashuka ya hospitali miaka saba, akafungwa miezi minne, kisha akafulia watu majumbani na kulea watoto wao hadi uzeeni. Ukiniuliza habari zake, ndizo hizo. Ila lipo jambo la mashuka. Hilo inabidi nilieleze mimi, kwa sababu yeye hayupo, na aliyeliharibu ni mimi.

Nilimpata kazini. Mimi nilikuwa fundi bomba wa hospitali hiyohiyo. Chumba cha kufulia kilikuwa nyuma ya jiko: sakafu ya saruji, mabeseni sita ya zege, na bomba moja lililovuja kila wiki. Mwezi mmoja nililiziba mara tano. Mara ya tano akaniambia, "Fundi, hili bomba limepona zamani. Sema unachotaka, tuna kazi hapa."

Wenzake wakaangua kicheko. Aliyecheka zaidi alikuwa mwanamke mmoja ambaye kichwa chake kilikaribia kugonga taa. Tulimwita Mrefu. Yeye ndiye aliyeshika ufunguo wa stoo ya mashuka, na ndiye aliyekuwa shoga wa mke wangu.

Mtoto wetu alizaliwa majira ya mvua. Nepi hazikauki. Hospitalini mashuka yaliyochakaa yalipigwa muhuri mwekundu na kurundikwa stoo yakisubiri kuchomwa. Mke wangu akawa anayachukua Mrefu akigeuka, moja leo, jingine wiki ijayo. Shuka moja lilitoa nepi nane. Nilijua. Nepi nilizianika mimi.

Siku moja mlinzi wa geti akamwangalia kiunoni. "Shemeji, asubuhi umeingia mwembamba. Mimba hii umeipata saa ngapi?"

Wakamkuta na mashuka mawili amejizungushia tumboni. Hakimu akampa miezi minne.

Akiwa ndani, hospitali ikakagua stoo. Yalikosekana mengine tisa. Mwenye ufunguo ni Mrefu, basi Mrefu akafukuzwa. Hakushtakiwa. Alifukuzwa tu, na neno mwizi likamfuata hadi mtaani kwake. Na kila Jumapili alikuwa akienda gerezani kumwona mke wangu, amemshikia kipande cha sabuni. Jumapili moja akamwambia, "Wamenitoa kazini. Yako ni mawili tu, najua. Sijui nani kaniponza, shoga yangu."

Mke wangu akapokea sabuni, akanyamaza. Aliogopa kuongezewa kifungo. Alipotoka hakukuwa na kifungo cha kuongezwa, lakini hakusema. Mimi pia sikusema. Mrefu akahamia mtaa wa mbali, tukawa tunasalimiana kwa kutumiana salamu.

Kazi ya kuajiriwa hakuipata tena. Shule ilitaka mfagiaji. Fomu ikauliza, uliwahi kufungwa? Hoteli nayo ikauliza. Mwaka mmoja majirani walimchagua atunze ufunguo wa bomba la mtaa. Mtu mmoja akanyoosha mkono nyuma kabisa. "Samahani, huyu si yule wa mashuka?" Mke wangu akaacha cheo kabla hajakalia kiti.

Akafua nguo za watu miaka minane. Halafu mama mmoja wa sokoni akamwachia mtoto siku moja, akarudi tena kesho yake, akaleta na mwenzake. Chumba chetu cha mbele kikawa cha watoto. Nilimwekea sinki la chini, kimo cha mtoto wa miaka mitatu. Kila mtoto alikuwa na kikombe chake, na kila kikombe uzi wake wa rangi kwenye mkono. Ukimpa mtoto kikombe cha mwenzake, utajuta. Miaka ishirini na sita, hakuna mtoto aliyepotea wala kuungua.

Kisha akaja afisa wa ustawi wa jamii, mwanamke mpole mwenye viatu vizuri. Akapima madirisha, akachungulia choo, akaonja maji. Akapenda sinki. Akasema sasa kuna utaratibu: anayelea watoto wa watu lazima awe na cheti cha tabia njema kutoka polisi.

"Mimi nilifungwa, mwanangu," mke wangu akasema, anamfuta mtoto makamasi.

Yule afisa akaweka kalamu chini. Baadaye akatueleza kwamba ipo sheria. Aliyefungwa chini ya mwaka, akakaa miaka kumi bila kosa jingine, anaweza kuiomba mahakama ifute kumbukumbu yake. Ikifutwa, hata polisi wakitafuta hawaioni. Akatupa miezi miwili. Baada ya hapo chumba kifungwe.

Mke wangu hakulala mchana siku ile, na yeye mchana hakosi kulala. Akaniambia, "Miaka yote hii nangoja mtu aniulize. Sasa wataniuliza."

Tulikwenda mahakamani, chumba cha masijala. Mafaili yamepangwa hadi dirishani, mwanga unaingia kwa juu tu. Karani alikuwa kijana wa heshima.

"Bibi, eleza kosa lako kwa maneno yako. Naandika."

"Niliiba mashuka kumi na moja."

Akafunua faili. "Hapa yapo mawili."

"Faili halikuwepo, mwanangu. Mimi nilikuwepo."

Karani akacheka. Alipoona yeye hacheki, akaacha.

"Mawili walinikamata nayo," mke wangu akaendelea. "Tisa nilishayachukua kabla. Kwa hayo tisa walimfukuza mwenzangu, na hana kosa. Andika jina lake." Akalitaja jina lote, la baba na la babu. Karani hakuandika. Akalitaja tena. Mara ya tatu akampigia mezani kwa kidole, neno na kidole, neno na kidole.

"Bibi, nisikilize. Nikiandika hayo tisa, hilo ni kosa jipya. Hukuhukumiwa kwalo. Hakimu hawezi kulifuta, na anaweza kulikataa ombi zima. Nenda nyumbani ukafikirie."

"Nimefikiria miaka thelathini na nne."

Akanigeukia. "Mzee, hebu ongea na bibi."

Niliongea naye njia nzima. Nikamwambia kuhusu watoto, wataenda wapi. Akasema, "Wewe unataka nisafishwe nusu, kama sahani ya mtoto."

Siku tano baadaye nikasema naenda kununua koki. Nikaenda masijala. Nikamwambia karani, andika kama faili linavyosema. Akaandika haraka, ukurasa mmoja. Sikumdanganya karani. Nilisema bibi amekubali.

Hapo nilimdanganya.

Mke wangu hakujua kusoma. Mimi shule sikuiona, ila herufi nilifundishwa na msimamizi wetu wa mabomba, aliyechoka kuniona naleta vali zisizo zenyewe kwa kutojua kusoma lebo. Nikafika nyumbani, nikamwambia, "Karani amekubali. Ameandika yote."

Akakaa kitako mkekani. Mtoto mmoja alikuwa amelala mapajani mwake. "Nisomee."

Nikasoma. Karatasini iliandikwa mawili, mimi nikasoma kumi na moja. Jina la Mrefu halikuwepo, mimi nikalisoma, la baba na la babu. Nilisoma polepole kama mtu anayesoma kweli. Alikuwa anaitikia kwa kichwa kila nukta. Nilipomaliza akaomba nirudie mahali pa Mrefu. Nikarudia, na nikakumbuka kuyasema maneno yaleyale.

Akaweka dole gumba. Dole lake lilikuwa limelika kwa magadi na sabuni, halina mistari. Ilibidi akandamize mara tatu.

Hakimu alichukua dakika chache. "Mama, mahakama imefuta kumbukumbu yako."

"Yote, mheshimiwa?"

"Yote."

Akakaa kwenye benchi la korido akalia hadi mpita njia mmoja akadhani tumefiwa. Cheti cha polisi kikatoka. Afisa wa ustawi akaja, akasaini, akabeba mtoto mmoja kidogo, akaondoka. Wiki ile mke wangu aliimba akifua. Nikajiambia, yamekwisha salama.

Jumamosi akavaa gauni lake la kutokea. "Twende kwa Mrefu."

"Pumzika kwanza. Wiki ijayo."

"Wiki ijayo ya nini? Serikali imeshajua. Amebaki yeye tu."

Nilipaswa kumwambia pale mlangoni. Nilimshika mkono, nikasema jua ni kali. Akachukua mwavuli.

Mrefu alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki uani, magoti yamemvimba. Alipomwona mke wangu alipiga kelele ya furaha hadi kuku wa jirani wakakimbia. "Shoga! Umekuja kuona nilivyofupika?" Binti yake, ambaye ni mwalimu, alikuwa anasahihisha madaftari. Akatuletea viti, akatuamkia: "Shikamoo mama mdogo, shikamoo baba mdogo."

Mke wangu hakumaliza hata maji. Akamwambia Mrefu yote. Mashuka, stoo, zile Jumapili za sabuni. Akasema, "Nimelieleza mahakamani. Jina lako nimelisafisha, liko kwenye karatasi, hakimu ameliona." Akatoa nakala ya ombi, akampa mwalimu. "Msomee mama yako."

Mwalimu akasoma vizuri, kwa sauti ya darasani. Alipofika mahali pale akasoma, "Mashuka mawili."

"Soma tena."

"Mawili, mama mdogo."

"Na jina la mama yako?"

Akafunua nyuma ya karatasi. Nyuma palikuwa peupe. "Halimo."

Mke wangu akanitazama. Niliangalia madaftari. La juu lilikuwa na jalada la gazeti, na picha ya mpira.

Mrefu alikuwa hafuati tena habari za karatasi. Alikuwa anamtazama shoga yake.

"Kumbe ni wewe," akasema.

"Ni mimi."

"Nilikuletea sabuni."

"Uliniletea."

"Miezi minne. Kwa mguu." Akamwambia mwanawe, "Nisaidie niingie ndani." Hatukuagwa.

Njiani mke wangu alitembea mbele. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Jumatatu akarudi mahakamani peke yake. Habari nilizipata kwa karani mwenyewe, siku niliyokwenda kumuuliza. Alitaka ombi liandikwe upya, lenye ukweli wote. Karani akamjibu kwamba kumbukumbu ikishafutwa haipo, hakuna pa kuongezea neno. Akauliza, "Na mwenzangu naye afutiwe wapi?" Karani akamweleza kwamba mwenzake hakuwahi kushtakiwa, kwa hiyo kwa sheria hana cha kufutiwa. Aliyeiba alikuwa na mlango wa kupitia. Aliyesingiziwa hakuwa nao.

"Alikaa hapo kwenye benchi hadi tukafunga," karani akaniambia. "Mzee, si ulisema bibi amekubali?"

Mke wangu aliishi miezi kumi na minne baada ya hapo. Watoto aliendelea nao. Chakula alinipikia, maji ya kuoga aliniwekea. Aliniuliza kama mgongo unauma. Ila hakuniomba tena nimsomee kitu. Bili ya maji, ujumbe wa binti yetu kwenye simu, hata karatasi ya dawa za kifua chake, alingoja mama wa mtoto mmoja aje jioni kumchukua mwanawe, ndipo ampe amsomee. Mimi nimekaa pale pale, miwani usoni.

Mara mbili alimtumia Mrefu salamu. Hazikujibiwa.

Wiki ya mwisho nilimwomba msamaha. Alikuwa amelala upande, anatazama ukuta. Akasema, "Ulisoma vizuri sana siku ile."

Tulipomzika, Mrefu hakuja. Nikangoja zipite siku arobaini, nikaenda kwake. Alikuwa kwenye kiti kilekile. Sikukaa.

Nikamwambia, "Yeye alisema yote. Kumi na moja alisema, na jina lako alilitaja mara tatu. Niliyeliacha ni mimi. Nilimsomea uongo akaweka dole."

"Siku ile ulikuwa umekaa hapo," akasema, akaninyooshea kidole mahali penyewe. "Mimi nikadhani amekuja kunichezea shere na uzee wake. Kuniambia kaniandika, kumbe hakuniandika. Nimemchukia kwa hilo kuliko kwa mashuka. Mashuka ningemsamehe, Fundi. Ningegomba wiki mbili, nikamsamehe. Kwa nini hukufungua mdomo?"

"Niliogopa."

"Ulimwogopa nani? Mimi huyu, nisiyeweza hata kusimama?"

"Yeye. Niliogopa anavyonitazama."

"Na hakukutazama?"

Nikatazama magoti yake yaliyovimba.

"Alinitumia salamu mara mbili," akasema. "Nikasema, akome." Kisha akaanza kulia, na akanikataza kumkaribia. Mwanawe akatoka ndani. Alikuwa amesikia. Akanisindikiza hadi barabarani. Hakuniita baba mdogo.

"Andika," akaniambia. "Jina la mama yangu, na idadi ya mashuka. Uandike kwa mkono wako, nami nitamsomea mwenyewe, nione kama yapo."

Nimeandika siku tisa. Kesho nampelekea. Nimetuma mtu kuuliza kama nitapokelewa, na jibu lilikuwa niiache karatasi mlangoni.