Tairi Halisomi Daftari la Meneja

Siku yangu ya kwanza katika gereji ya chama cha ushirika, Bariadi, sikupewa spana. Nilipewa kipande cha chaki. Mkuu wa Gereji, mtu mfupi ambaye ovaroli yake ilipigwa pasi kila siku, alinipeleka kwenye Landrova iliyosimama uani akaniambia nisome maandishi yote ya ubavuni mwa tairi. Nikasoma ukubwa tu. Hayo mengine sikuyajua.

"Umesoma jina la mtoto," akasema, "hujauliza kama anaweza kubeba ndoo."

Akanifundisha, nami nawafundisha ninyi mnaonunua matairi kwa kuangalia meno. Kashata kubwa, yaani hayo meno ya tairi, hulisaidia gari lisiteleze kwenye tope jeusi la mbuga zetu, lakini hazisemi lolote kuhusu uzito. Uzito husemwa na plai, yaani nguvu ya matabaka ya tairi: plai sita, nane, kumi. Matairi mengine yana namba ya uzito, na hapo wengi huchemsha. Ukiona 100, si kilo mia. Unaitafuta kwenye jedwali, na jedwali linasema kilo mia nane, tairi likiwa limejaa upepo wake wote. Ukipunguza upepo ili upite kwenye tope, umepunguza na kilo.

Kwa pikapu, mzigo karibu wote hulalia nyuma. Kwa hiyo unachukua uzito wa nyuma wa gari tupu, unaongeza mzigo, unagawa kwa mbili, kisha unabakiza nafasi kwa ajili ya mashimo. Ukimaliza, unaandika mlangoni kwa chaki kilo ambazo gari halipaswi kuzidi. Bila chaki ya fundi, dereva haondoki. Hata mwenyekiti wa chama alifuata utaratibu huo, ingawa kwa kununa.

Baadaye nikahamishiwa kiwanda cha kuchambua pamba, chini ya Mhandisi wa Magari. Yeye alipenda fomu, chaki aliiona ushamba. Nilimjazia fomu zake zote, na chaki niliendelea nayo.

Kisha biashara ya pamba ikafunguliwa. Wanunuzi binafsi wakamiminika vijijini, kila mmoja na mizani yake, na ushirika wetu ukayumba mpaka tukapunguzwa kazi. Mimi na dereva Masanja, mtu wa Somanda niliyefanya naye kazi tangu ujana, tukaajiriwa na kampuni moja ya wanunuzi hao. Watu walituambia tushukuru. Mimi sijawahi kujua kushukuru kwa kupewa kazi ninayoiweza.

Msimu ulipoanza, Meneja Ununuzi alileta matairi mawili ya nyuma kwa ajili ya pikapu ya Masanja. Yalikuwa na kashata za kutisha na namba 100 ubavuni. "Mzigo ni kilo mia saba kwa safari," akasema. "Fanya hesabu zako za chaki."

Nikafanya. Nyuma ya gari tupu ni kilo mia nane. Ongeza mia saba, gawa kwa mbili, kila tairi linabeba mia saba na hamsini. Kwenye karatasi yalitosha. Lakini Masanja alikuwa ameniambia kwamba akipakia mia saba za kampuni hii, springi zinalala kabisa, na Masanja si mtu wa kuropoka. Nikatazama ile mizani iliyokuwa uwanjani. Kando yake kulikuwa na saruji ya kujengea ghala. Nikabeba mfuko mmoja mzima, nikauweka juu ya mizani, sindano ikasimama kwenye arobaini.

"Meneja," nikamwita, "mfuko wa saruji ni kilo hamsini. Hata mtoto anajua."

Akatazama sindano, akanitazama mimi. "Nimekuajiri kwa mizani au kwa matairi?"

"Kwa matairi, bosi. Nayo hayasomi daftari lako. Yanabeba kilichomo."

Mkulima alikuwa anaibiwa kwenye mizani, na zile kilo za wizi zilikuwa zinapandishwa garini ili Masanja aendeshe nazo. Mia saba za daftari zilikuwa mia nane sabini na tano za kweli, na kila tairi lingebeba zaidi ya mia nane thelathini, kupita uwezo wake.

"Funga matairi. Andika mia saba," akasema Meneja.

Nikachukua chaki. Nikaandika mlangoni kwa herufi kubwa: MIA SABA ZA MIZANI HII NI MIA NANE SABINI NA TANO. Mama mmoja aliyeleta pamba kwa mkokoteni wa ng'ombe akasogea, akasoma polepole, akaniuliza, "Ng'wanone, mwanangu, na magunia yangu je, yamepimwa hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo, mayu."

Hakubishana na mtu. Alianza kurudisha magunia yake mkokotenini, na waliokuwa nyuma yake wakafanya hivyo hivyo.

"Futa," Meneja akaniambia.

"Futa wewe. Mimi ndiye niliyepima."

Akafuta kwa mkono wa shati lake jeupe, kisha akamnyooshea ufunguo Masanja aliyesimama kando ya pikapu. Masanja alikuwa na watoto sita. Nilimtazama nikijua nimemweka pabaya, na nikaogopa atauchukua.

"Bosi," Masanja akasema, "chaki ya fundi imefutwa. Siendi."

Mchana tulikuwa nje ya geti wote wawili. Matairi yale yakafungwa na mwingine, akatafutwa dereva mwingine. Safari ya tatu, tairi la nyuma likapasuka kwenye mteremko wa mto mkavu, pikapu ikapinduka, na dereva yule akakatwa mguu. Niliposikia, nililia kwa hasira. Watu huniuliza kama najuta kupoteza kazi. Najuta kitu kimoja tu: sikuyatoboa yale matairi kwa bisibisi kabla ya kutoka getini.

Nilifungua kibanda cha matairi Somanda, nikakiendesha mpaka mgongo ukakataa. Wapo walioniita mkorofi, na wengine bado wananiita. Wakija kuniomba ushauri, nawauliza kwanza uzito wa mzigo wao, na asiyetaka kusema kweli simchagulii tairi.

Masanja naye ni mzee sasa. Kila Jumapili anatembea kutoka kwake mpaka kwangu, anakunywa chai yangu yenye sukari nyingi, kisha anaanza wimbo wake wa siku zote. "Wewe ndiye uliyenifukuzisha kazi. Watoto wangu walilala na njaa kwa sababu ya chaki yako."

"Ndiyo, nilikufukuzisha," namjibu. "Na umekuja kunilalamikia kwa miguu yako miwili."