Mpiga chapa wa Kianjai anayesihi nguo za marehemu zisifuliwe

Saa mbili asubuhi, siku ya soko Kianjai. Mashine ya chapa haijapata moto sawasawa na tayari kuna mteja kwenye benchi. Anaitwa Kanini, mjane wa siku tatu. Amejifunga leso kichwani, na mapajani ameshikilia mfuko wa plastiki uliopigwa fundo. Amekuja kuandikiwa wasifu wa mumewe, ule unaosomwa mbele ya jeneza.

Gatakaa, mpiga chapa, anaandika majina, mwaka wa kuzaliwa, shule, ubatizo, watoto. Vidole vinakimbia bila yeye kuviangalia. Halafu vinasimama.

"Alifarikije?"

"Andika tu aliitwa na Bwana," anasema Kanini.

"Nitaandika hivyo ukitaka. Lakini mimi nakuuliza wewe, alifarikije?"

Kanini anatazama mlangoni kwanza. "Walimkata. Alikuwa ametoka kuangalia ng'ombe. Hatujui ni nani."

Gatakaa hamuulizi zaidi kuhusu hilo. Anaelekeza kidole kwenye mfuko. "Na hizo ni nguo zake?"

Ndizo. Alikabidhiwa jana kule mochari, na amepanga akitoka hapa apitie dukani anunue sabuni, azifue leo leo zikauke kabla wageni hawajajaa nyumbani.

"Mama, usifue," anasema Gatakaa, na mkono wake tayari umeushika ule mfuko. "Nakuomba. Hata soksi usifue."

Kanini anamkodolea macho. Pengine anajiuliza kama mpiga chapa huyu ana akili timamu.

Akili anazo. Tena huenda hakuna mtu mwingine sokoni hapa anayejua mambo anayoyajua yeye, na afadhali asingeyajua. Gatakaa, mama wa watoto wawili mwenye umri wa miaka arobaini na tisa, amekuwa akichapa wasifu wa marehemu kwa miaka kumi na minne. Wenye duka la maua hujua nani ameoa, yeye hujua nani amekufa. Na kwa miaka sita sasa, kila anapochapa wasifu wa mtu aliyeuawa, huandika pia kwenye kitabu kikubwa cha jalada gumu anachokiweka chini ya karatasi za rangi.

Humo kuna majina hamsini na manane. Wengi ni wa hapa Kianjai na Ruiri, wengine Kangeta, na wachache walifia Embu wakaletwa kuzikwa kwao. Kando ya kila jina kuna majibu ya maswali matatu: nani alimkuta, alikuwa amevaa nini, na nguo ziko wapi sasa.

Ukikisoma kitabu hicho unaishiwa nguvu. Kati ya hao hamsini na wanane, wanne tu ndio kesi zao zilifika mahakamani. Na familia arobaini na moja, kwa mikono yao wenyewe, zilikuwa zimefua au kuchoma nguo za marehemu kabla askari hajaziulizia.

"Hakuna mtu mbaya hapo," anasema Gatakaa. "Mtu wako amekufa, wageni wanakuja, utaacha nguo ya damu ikining'inia ndani ya nyumba? Majirani wanakuja na fagio, wanafagia boma, wanamwaga maji pale alipoanguka. Ni mapenzi hayo. Lakini yanamfutia muuaji nyayo zake."

Anajua anachosema, maana na yeye alifua.

Mdogo wake, Mutegi, alikuwa mnunuzi wa maharagwe, kijana wa miaka thelathini na moja aliyependa kutania watu mpaka kanisani. Jumapili moja asubuhi, miaka sita iliyopita, alikutwa amelala kando ya mfereji wa maji, mita chache kutoka kwao, amepigwa kichwani. Mama yao ndiye aliyefika wa kwanza.

Kufikia saa nne boma lilikuwa limefagiwa likang'aa. Siku ya tatu mochari iliwapa shati na suruali. Gatakaa alichota maji, akaloweka, akasugua kola kwa brashi mpaka maji yakatoka meupe. Akaanika. Akapiga pasi.

"Nilipiga pasi," anarudia, kana kwamba hilo ndilo linalomuuma kuliko yote.

Mpelelezi alikuja siku ya tisa, matanga yakiwa yamekwisha. Akauliza shati. Gatakaa akamletea, limekunjwa vizuri. Yule bwana akalitazama, akalitazama tena, akafunga daftari lake. Akauliza koti, kwa sababu watu walisema Mutegi alionekana Jumamosi jioni akiwa na koti lake la kijivu. Koti halikuwepo. Basi ikaandikwa kwamba majambazi wasiojulikana walimuua wakaiba koti, simu na pesa za maharagwe. Faili likawekwa kabatini.

Siku iliyofuata Gatakaa alinunua kile kitabu. Jina la kwanza ndani yake ni la Mutegi, na kando yake ameandika kwa wino wa bluu: Koti, liliibwa.

Kazi hiyo haikumpa marafiki. Jirani yake, mzee Thuranira, ambaye ni mzee wa kanisa, alimwambia wazi kwamba anaaibisha familia za watu. "Wafu waache wapumzike, Mama Mukiri," alimwambia, akimwita kwa jina la mwanawe. Naye akamjibu, "Wao wanapumzika, mzee. Sisi ndio hatulali." Wateja wengine walihamia duka la pili, ambako hawaulizwi kitu.

Yeye akaendelea. Alijifundisha kwa kuwauliza askari na wahudumu wa mochari. Ndivyo alivyojua kwamba nguo yenye damu haiwekwi kwenye plastiki, inaoza. Inatiwa kwenye karatasi ya kaki, ikiwa kavu. Inapelekwa kituoni, na mwenye nguo haondoki mpaka apewe namba ya kitabu cha matukio.

Februari mwaka huu alikuwa akimweleza hayo mteja mmoja kutoka Ruiri. Kwenye benchi alikuwepo mama mzazi wa Gatakaa, ajuza wa miaka sabini na minane, aliyekuwa amemletea chakula cha mchana. Mteja alipoondoka, mama aliuliza polepole, akifunika sufuria:

"Kwani nguo ambayo haijafuliwa ina kazi?"

"Ina kazi sana, Mama."

"Hata ikiwa imekaa?"

Walifunga duka, wakaenda nyumbani. Mama akapiga magoti, akavuta gunia kutoka uvunguni mwa kitanda. Ndani yake, limefungwa kwa shuka la kanisani, mlikuwa na koti la kijivu.

Ajuza yule alikuwa amemvua mwanawe koti pale pale mferejini ili aone amepigwa wapi, akalibeba mkononi mpaka nyumbani. Kisha akaona binti yake anavyosugua lile shati. "Nikajua na koti watalifua," anaeleza. "Lilikuwa na harufu yake. Nikasema hili hapana, hili ni langu." Miaka sita alilala juu yake. Hakuna aliyemuuliza, na yeye hakujua kwamba watu walikuwa wakisema liliibwa.

Gatakaa hakuligusa ndani. Alimpigia simu Koplo Wanjira, askari mpelelezi mwenyeji wa Embu anayefahamiana naye kwa sababu ya kile kitabu. Koplo alikuja na glavu. Kwenye mfuko wa ndani alitoa simu ya Mutegi. Kwenye mfuko mwingine, pesa za maharagwe, zimefungwa kwa mpira, hazijaguswa. Na kwenye mkono wa kulia wa koti kulikuwa na doa pana ambalo halikufanana na damu iliyotiririka kutoka kichwani; huenda ilikuwa damu ya mtu mwingine.

Hakukuwa na wizi. Hakukuwa na majambazi. Kwa miaka sita faili zima lilikuwa limesimama juu ya koti lililokuwa uvunguni.

"Kama si wezi, basi ni mtu anayemjua," anasema Gatakaa. "Na watu wote wanaomjua walikuja matangani. Aliyemuua ndugu yangu alikula kwetu. Pengine ni mimi niliyempakulia."

Koti liko maabara, Nairobi. Koplo Wanjira hataki kumpa mtu matumaini ya bure. "Miaka sita chini ya kitanda, wakili atatuuliza maswali mpaka tutokwe jasho," anasema. "Lakini faili limetoka kabatini." Mahakama itachunguza kifo hicho mwezi wa Agosti.

Kanini amesikiliza yote haya. Anafungua fundo la mfuko kwa meno. Gatakaa anatandaza karatasi za kaki juu ya meza, na wanawake hao wawili wanahamisha nguo moja moja, taratibu, kama wanaomvisha mtu. Kisha Kanini anaelekea kituoni. Hakununua sabuni.

Jina la marehemu mumewe ni la hamsini na tisa. Kwenye safu ya mwisho, Gatakaa anaandika: Hazijafuliwa.

Mchana mama yake anakuja na chakula. Gatakaa anafungua kwenye kompyuta wasifu wa Mutegi, ambao ataurudia kwa ajili ya ibada ya kumbukumbu itakayofanyika kanisani wiki moja kabla ya mahakama kukaa. Kijiji kizima kitaalikwa, kilekile kilichokuja matangani. Mstari wa mwisho, alioupiga mwenyewe miaka sita iliyopita, unasema "alifariki ghafla". Anaufuta. Anaandika "aliuawa".

Mama hajui kusoma. Anauliza kumeandikwa nini, anasomewa, anatikisa kichwa kukubali.

"Ongeza na koti," anasema. "Andika kwamba lilikuwa kwangu, na sasa liko serikalini, halijafuliwa. Halafu lisomwe kwa sauti. Naye aliyemuua atakuwa amekaa hapo, acha asikie."