Saisi wa Mlingotini anayemchagulia farasi wake viatu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mardhiya Yunus ameinama nyuma ya banda, mgongo ameuelekeza kwenye kichwa cha farasi, na mguu wa mbele wa mnyama huyo umelala juu ya mapaja yake. Khanga ameifunga kiunoni mara mbili. Ameuma penseli mdomoni. Chini, kwenye mchanga, ametandika kipande cha boksi la sabuni.

"Haya mama, shusha taratibu," anamwambia farasi. "Kanyaga boksi, usikanyage mguu wangu."

Farasi anashusha kwato. Mardhiya anachora kuizunguka polepole, kama mtoto anavyochora kiganja chake kwenye daftari. Kisha anamwinua mguu, anachukua rula ya shule ya binti yake na kupima mchoro. Urefu, sentimita kumi na mbili na nusu. Upana, kumi na tatu. Anapima tena. Kumi na tatu.

"Mpana kuliko alivyo mrefu," anasema, na kutikisa kichwa. "Na mimi nilimnunulia kiatu cha mtu mwembamba."

Mardhiya, mwenye umri wa miaka thelathini na mitatu, ni saisi, yaani mtunza farasi, katika banda dogo la Bi Shufaa, muuguzi mstaafu, nje kidogo ya kijiji cha Mlingotini, Bagamoyo. Banda lina farasi watatu. Wageni huwapanda ufukweni, na siku za Jumamosi hukodishwa kumpeleka bwana harusi kwa mkewe.

Kazi hii aliianza miaka tisa iliyopita bila kuikusudia. Alikuwa akikata majani na kumuuzia Bi Shufaa kwa mafungu. Siku moja aliyekuwa saisi hakutokea, farasi wakawa wanapiga mlango kwa kiu, naye akaingia kuwapa maji. Hakutoka tena. Leo analipwa shilingi laki mbili na sitini elfu kwa mwezi.

Farasi aliyempima asubuhi hii anaitwa Tende, jike mwenye rangi ya tende iliyokauka. "Nilipokuwa na mimba ya Mina, huyu alikuwa akija kuniwekea kidevu begani na kutulia," anasema Mardhiya. "Wale wengine wa wakati ule walinikimbia. Sijui nilikuwa nanuka nini."

Tende ndiye farasi wa harusi. Ngoma zikilia, vigelegele vikipigwa, watoto wakimpita chini ya tumbo, yeye husimama akitafuna. Wenzake wawili bado vijana, na spika moja ikiguruma wanarudi nyumbani bila bwana harusi.

Shida ni miguu. Farasi wa banda hili hawapigiliwi viatu vya chuma. Kazi yao ni ya mchangani, chumvi hula misumari, na fundi wa chuma yuko mbali. Kwa miaka yote kwato tupu ziliwatosha. Lakini mwaka jana njia ya kutoka bandani kwenda kwenye lami ilimwagwa kokoto, na Tende akaanza kutembea kama mtu aliyeamshwa usiku akakosa kandambili zake.

Daktari wa mifugo alimpima akasema haumwi. Nyayo zake ni nyembamba tu, jiwe likimgusa analisikia. Kuna viatu vya kuvalisha na kuvua, alisema, kama vya watu. Wamjaribie hivyo.

Bi Shufaa alikubali, lakini kwa sharti. Bwana mmoja wa Dar es Salaam mwenye uwanja wa nyasi alikwisha kumtaka Tende kwa bei nzuri.

"Mardhiya, mimi nampenda mnyama huyu kama wewe," alimwambia. "Lakini farasi wa harusi asiyefika harusini nimfanyeje? Jumamosi ya mwisho wa mwezi tuna shughuli Dunda, kule Bagamoyo mjini. Akifika kwa miguu yake bila kuchechemea, anabaki. Asipofika, Jumapili yule bwana aje na gari lake."

"Sawa, Bi Shufaa."

"Usiniambie sawa huku unalia."

"Silii. Ni vumbi la majani."

Hapo ndipo Mardhiya alipokosea, na alikosea kwa namna ambayo mama yeyote wa pwani hii ataielewa.

Idi ikikaribia, mzazi anayekwenda mjini kununua viatu habebi watoto wote. Anachukua ukindu, ule wa kusukia mikeka, anaupima kwenye mguu wa mtoto kutoka kidole hadi kisigino, anaukata, anaufunga fundo kama ni wa mkubwa au mafundo mawili kama ni wa mdogo. Dukani anautumbukiza ndani ya kiatu. Ukienea, kiatu kimepatikana. Mama yake Mardhiya, msusi wa mikeka, alilea watoto sita kwa ukindu, na hakuna aliyekwenda Idi peku.

Kwa hiyo Mardhiya alikata ukindu. Aliupima kwenye kwato ya Tende kutoka mbele hadi nyuma, akautuma urefu wake kwa simu kwa muuzaji wa Dar es Salaam. Upana hakuuliza, wala hakuulizwa. Jozi moja ya miguu ya mbele iligharimu shilingi laki nne na thelathini elfu.

Mume wake, Mikdad, alipoiona alikaa chini. "Mimi kandambili hizi ninazo tangu mfungo wa mwaka juzi," alisema. "Niambie, huyo farasi amekupa nini ambacho mimi sijakupa?"

"Hakoromi," alimjibu.

Viatu viliingia kwa kusukumwa. Nusu saa baadaye, katikati ya njia, Tende alisimama na kukataa. Mardhiya alipovivua alikuta ngozi laini ya juu ya kisigino imechubuka pande zote mbili, kila kidonda kama sarafu ya shilingi mia.

"Siku ile nililia kweli," anasema. "Mtu mwingine akimwumiza utagombana naye. Nimemwumiza mimi, tena kwa mapenzi, nigombane na nani?"

Muuzaji alikubali kubadilisha, kwa kuwa soli hazikuwa zimelika. Atabadilisha mara moja tu, alisema, aina yoyote na kipimo chochote. Wakikosea tena, basi.

Vidonda vilichukua wiki mbili kukauka. Ikabaki wiki moja kabla ya Jumamosi ya Dunda.

Jumapili iliyotangulia asubuhi hii ya boksi la sabuni, alifika Zaina, binti wa Dar es Salaam anayezunguka na tupa na kisu akipunguza kwato za farasi kila baada ya wiki sita. Mardhiya alimwonyesha ule ukindu.

"Dada Mardhiya," alisema Zaina, "hii kwato au muwa?"

"Nicheke na mimi au ninyamaze?"

"Cheka, ila sikiliza. Ulimpima lini?"

"Wiki tatu baada ya wewe kuondoka safari ile."

"Yaani kwato zilikuwa zimeota wiki tatu. Ncha ya mbele imekwenda zake, wewe umepima kucha ukadhani ni mguu. Upime nikishapunguza, kesho yake asubuhi. Na upime upana. Huyu amezaliwa na kwato za sahani."

Zaina alimwachia gunia lenye jozi mbili zilizokwisha tumika, za kujaribia tu. "Usiniulize kipi kizuri," alisema akiondoka. "Muulize anayevaa."

Ndivyo Mardhiya alivyofanya. Tangu Jumatatu hiyo, baada ya kuchora boksi, kila siku alimvalisha Tende kiatu kimoja, akamtembeza kwenye kokoto, kwenye mchanga na katika mkondo wa maji unaokatisha njia ya ufukweni, kisha akavua na kupapasa visigino kwa kidole.

Kiatu cha kwanza kilikuwa kigumu, cha plastiki nzito, kinachokazwa kwa waya. Kilishika kama kimezaliwa na kwato. Kokoto haikumpata Tende hata kidogo. Ila mchanga ulipoingia haukutoka, na ukingo wake mgumu ulipanda palepale penye makovu. Waya nao ulidai vidole vya fundi baiskeli. Mardhiya alihangaika robo saa kuulegeza huku Tende akimpumulia shingoni.

Cha pili kilikuwa laini, kimetandikwa sponji ndani, na kufungwa kwa mikanda ya kunata. Kwenye kokoto Tende alitembea akitikisa kichwa kwa raha. Kwenye mkondo kilijaa maji, kikazunguka mguuni, na farasi akatoka upande wa pili kisigino cha kiatu kikiwa mbele.

Cha tatu hakikutoka kwenye gunia. Alikileta Ausi, fundi viatu wa Dunda mwenye miaka hamsini na sita, aliyesikia habari hizi kwa abiria wa bodaboda. Alikuwa ameshona katambuga mbili za tairi la lori, zenye kamba za kupita kisiginoni.

"Miaka ishirini na mbili nashona," alisema akiwa amepiga magoti, "ndiyo mara ya kwanza mteja ananinusa utosi."

"Anaangalia kama umeoga, Kaka Ausi."

"Mwambie nimeoga. Mwambie pia kwamba soli hii haiishi mpaka wajukuu zake."

Soli haikuisha. Kamba ndizo zilizokatika, na katambuga moja ikabaki njiani hatua arobaini nyuma, ambako mbuzi alianza kuionja. Ausi alimnyang'anya mbuzi katambuga yake. "Basi," alisema. "Nipe nikione hicho chako laini." Akakigeuza, akaupitisha msumari wa moto sehemu nne karibu na soli. "Maji yaliyoingia yatoke. Ni cha kuazima, najua. Mwambie mwenye kiatu aniletee na cha pili."

Zaina aliposikia kwa simu alicheka na kusema hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Jumatano jioni Bi Shufaa alitaka jibu, maana basi la asubuhi ndilo lingebeba viatu kwenda kubadilishwa.

"Kigumu ndicho kinachoshika," alisema Bi Shufaa. "Kwa nini tusichukue kigumu?"

"Kwa sababu Tende haumii kila mahali, Bi Shufaa. Mchangani yuko vizuri peku. Majini yuko vizuri peku. Anaumia kwenye kokoto tu. Mimi sitafuti kiatu cha kushinda nacho. Natafuta cha kumvalisha pale kwenye mkorosho, mawe yanapoanza, na kumvua safari ikiisha, niko peke yangu, na bwana harusi ananisubiri. Laini namvalisha kwa dakika mbili. Hata kidonda cha zamani hakiguswi."

"Na upana?"

"Kumi na tatu. Nimempima mara tano. Amechoka kunyanyua mguu."

Viatu vilifika Ijumaa magharibi. Ausi alivitoboa usiku uleule, bila malipo, kwa sharti kwamba Jumamosi farasi apite mbele ya kibanda chake.

Jumamosi saa nane mchana, Mardhiya amemtoa Tende bandani, shanga za harusi shingoni, miguu mitupu. Bi Shufaa anafuata nyuma ndani ya bajaji, mkoba mapajani. Penye mkorosho, mchanga unapokwisha, Mardhiya anainama. Mguu wa kulia, mikanda miwili. Mguu wa kushoto, mikanda miwili. Anaingiza kidole kuzunguka ukingo, kinapita.

Tende anaitazama kokoto. Kisha, kama ilivyo kawaida yake ya mwaka mzima, anajivuta kando kutafuta majani ya kukanyaga.

Mardhiya hamvuti. Amelegeza kamba na kusimama naye pale majanini. "Nimekuambia uongo mara moja," anamwambia kwa sauti ndogo. "Hii si mara ya pili."

Farasi anaweka mguu mmoja kwenye mawe. Anausikiliza. Anaweka wa pili. Kisha kichwa kinashuka, masikio yanalegea, na anaanza kutembea katikati ya barabara, ile tup, tup ya mpira badala ya mlio wa kwato, kwa mwendo unaomlazimisha Mardhiya kukaza hatua.

Kwenye lami vijana wa bodaboda wamesimama juu ya pikipiki zao. "Dada, farasi kavaa raba, anakwenda mazoezini?"

"Anakwenda harusini," anawajibu bila kugeuka. "Wewe umealikwa?"

Dunda wanafika kabla ya alasiri. Ausi yuko mlangoni pa kibanda chake, amevaa kanzu. Anahesabu hatua za farasi kwa kidole. Hakuna hatua iliyochechemea. Bwana harusi anapandishwa, vigelegele vinapasuka, na Tende anatafuna kama kawaida yake.

Shughuli ilipoisha, Mardhiya alimvua viatu nyuma ya nyumba ya harusi na kupapasa visigino. Kisha Bi Shufaa akavua miwani, akainama naye kwa shida, akapapasa kwa vidole vile vilivyopapasa watoto wachanga kwa miaka thelathini. Pakavu. Hapana joto, hapana mchubuko.

Alisimama, akatoa simu mkobani. "Asalamu alaikumu, bwana. Ile habari ya kesho, niwie radhi. Huyu hauzwi."

Mardhiya safari hii hakusingizia vumbi.

Siku hizi Zaina akija, Mardhiya hashiki kamba tu. Anashika tupa, ile ya zamani aliyoachiwa, na anajifunza kupunguza kwato chini ya macho ya mwalimu wake. Ameanza na farasi wawili vijana, miguu ya nyuma kwanza. Anataka baada ya mwaka mmoja aweze kuifanya kazi hiyo mwenyewe, na kuwafikia na punda wa huku pwani, ambao hakuna anayewaangalia kwato.

Ukutani mwa banda ametundika vipande vya boksi vyenye michoro ya kwato, kila kimoja na tarehe yake. Chini yake kuna mchoro mwingine, mdogo, wenye vidole vitano. Ni wa Mina, mwenye miaka saba. Idi iko karibu, na mwaka huu nyumbani kwao hapakatwi ukindu.

"Mama, mimi nataka vya kung'aa," Mina anasema, mguu wa pili ukiwa hewani.

"Vya kung'aa utapata," anajibu Mardhiya, penseli mdomoni. "Shusha mguu kwanza. Kanyaga wote."