Nyumba Iliyoupa Mji Mgongo

Kwa miaka mingi nilikana, mbele ya ndugu, wanafunzi na hata mume wangu, kwamba naipenda nyumba ya baba. Nilizoea kusema kwamba nyumba ile ni kichekesho cha matofali, na kwamba siku mama atakapochoka kukaa ndani yake, mimi nitakuwa wa kwanza kuiuza na wa mwisho kuililia. Nilikuwa nasema uongo. Ninapopita mahali wanapopaka ukuta hapa Kinshasa, nasimama njiani kama mtu aliyeitwa jina lake, kwa sababu chokaa mbichi iliyochanganyika na moshi wa mawese ndiyo harufu ya utoto wangu. Basi mwaka huu mdogo wangu Amisi aliponiambia kwamba wakati wa kuuza umefika, kwa kuwa baba hayupo tena na mama anaishi kule peke yake, nilijikuta nataka kuinunua mimi mwenyewe ili mama abaki na mimi nirudi kuzeekea hapo. Kabla hamjaniona mtu mwema, nieleze kwanza ni upuuzi wa namna gani niliotaka kuununua.

Nyumba iko nje ya Kisangani, kwenye njia ya Banalia, kabla ya kufika Masako, mahali ambapo mji unachoka na msitu haujaamua. Baba alinunua parseli ile, yaani kiwanja, miaka ya mwisho ya Wabelgiji, mji ukiwa bado unaitwa Stanleyville. Alikuwa karani serikalini, mmoja wa wale walioitwa évolués, yaani Mwafrika ambaye Mbelgiji alikuwa amefika nyumbani kwake kukagua kama anakula kwa uma na kama mke wake anatandika kitanda, akaridhika. Mama hakuusahau ukaguzi ule. Alisema mzungu alifunua hadi sufuria, akainusa sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, kama daktari anayenusa kidonda. Baba yeye alitoka pale ameongezeka urefu. Mtu aliyekwisha kunusiwa sufuria na serikali hawezi tena kukaa mtaa mmoja na wauza samaki. Ndipo makarani wenzake walipoanza kuzungumzia hewa safi.

Hakuna watu ninaowadharau kama watu wanaozungumzia hewa safi, na mimi ni mmoja wao. Mpimaji wa Kibelgiji aliwachukua makarani hadi msituni siku ya Jumapili, wote wamefunga tai, akawaonyesha vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu kwenye ncha. Hapa itapita avenue pana yenye taa. Pale itakuwa shule, pale zahanati ya akina mama, na pale, penye mti mkubwa uliojaa siafu, bustani ya watoto. Alisema itakuwa kartie, mtaa wa familia, tulivu, mbali na ngoma na pombe. Makarani walitikisa vichwa kwa kukubali, kana kwamba tayari wanawaona watoto wao kwenye bembea. Baba akanunua papo hapo, akajenga nyumba yake ya matofali ya kuchoma, akaipaka chokaa, na kwa kuwa alikuwa mtu wa utaratibu, akaielekeza baraza, madirisha makubwa na mlango wenye kioo upande wa avenue. Jiko, kuku, choo na kamba ya kuanikia nguo viliwekwa nyuma, upande wa kijia chembamba ambacho watu walikuwa wanapita kwa muda tu, hadi barabara ije.

Ukaja uhuru, na mpimaji akaondoka na ndege pamoja na ramani yake. Majirani zetu wachache walikuwa na akili za kawaida: walisubiri kidogo, wakacheka, wakatoboa ukuta wa nyuma na kuweka milango yao kwenye kijia. Baba alikataa. Alisema nchi iliyopata uhuru haiwezi kushindwa kumalizia barabara iliyoanzwa na wakoloni, na kwamba kutoboa ukuta ni kuitukana serikali yetu wenyewe. Kwa hiyo kila jioni alirudi kutoka kazini, akavaa koti jeupe, akaketi barazani na kutazama mbele, yaani alitazama msitu. Vigingi vilioza, vikaota uyoga. Mlango kati ya sebule na jiko ulifungwa daima kwa ufunguo ili moshi usiende kwa wageni. Wageni wenyewe, ili wasalimie kwa heshima, walilazimika kuzunguka nyumba katika majani yaliyofika kiunoni, wakatokea barazani wamejaa mbegu za kunata, nao wengi hawakurudi mara ya pili.

Mama alikuwa mtoto wa mjini, wa familia ya zamani ya Waislamu washona nguo, ambako cherehani zilipangwa kibarazani na mtu hakuweza kupiga chafya bila mtaa mzima kumwombea afya. Aliletwa kwenye hewa safi kama vile mtu anavyoletwa hospitalini. Asubuhi, tukishaondoka, alikuwa anatembea hadi njia kuu na kusimama pale lori za Banalia zilipopunguza mwendo, si kununua chochote, kusikia tu watu wakitukanana. Kaka yake, Tonton Juma, ndiye peke yake aliyeendelea kuja kwa baiskeli, na kila alipotokeza barazani akijipangusa mbegu alianza na baba.

"Ee shemeji, ungali unangojea avenue?"

"Itakuja."

"Bon. Na nani atakupitia hapa? Nyani? Siku nyani ataleta gari, unipelekee habari, niko tayari kumushonea kofia ya dereva."

Mama alikuwa anacheka akiwa jikoni, nyuma ya mlango uliofungwa. Baba hakucheka. Mimi pia sikucheka, kwa sababu nilikuwa mtoto wa baba, mwenye soksi nyeupe hadi magotini saa zote, hata nikienda chooni. Shuleni niliwaambia wenzangu kwamba nyumba yetu inatazama avenue. Sikusema avenue yenyewe iko wapi.

Kisha waasi wakauchukua mji. Sitajifanya kwamba niliielewa siasa yao. Nilichoelewa ni kwamba walikuwa wanawatafuta makarani. Mtu aliyekuwa na kalamu mfukoni aliificha, aliyekuwa na miwani aliizika. Baba alikataa kulala porini kama walivyofanya majirani, kwani mtu wa heshima anapatikana nyumbani kwake. Alasiri moja nilikuwa jikoni na mama akitwanga sombe, amejifunga kitenge chake kibovu kuliko vyote, nikasikia nyimbo zikija kwenye kijia. Walikuwa vijana, wamevaa majani kichwani, na mmoja wao alikuwa na bunduki iliyomzidi urefu. Walisimama mbele ya kuku wetu.

"Mama, ni hapa kwa karani?"

Mama hakuacha kutwanga. "Karani alikimbia na Wazungu wake. Miye natumika tu kwake."

"Alikuachaka bila mushahara?"

"Ulishaona karani mwenye kulipa?"

Wakacheka. Yule wa bunduki akanitazama miguu. "Na huyu? Soksi hii alitoa wapi?"

"Ni wangu. Alivalishwa soksi zilizotupwa na watoto ya bwana. Tazama, zinamubana." Akanipiga kofi kidogo mguuni, kama mtu anayemwonyesha mnunuzi mbuzi. "Vua, uwapatie wandugu maji."

Nikavua. Kijana mwingine akausukuma mlango wa sebule, haukufunguka. "Nyuma hapa kuko nini?" Mama akasema ni depo ya makaa, na kwamba ufunguo bwana alienda nao. Nao wakatazama: jiko jeusi, choo, kamba yenye matambara, ukuta usio na dirisha la maana. Nani angeamini kwamba hiyo ni nyumba ya mkubwa, na kwamba upande wa pili kuna baraza, na barazani kuna karani mwenyewe amevaa koti jeupe? Wakakaa hadi sombe ikaiva, wakaila yote, wakamsifu mama kwa mkono wake, wakachukua kuku na kuondoka wakiimba. Mama aliendelea kutwanga kinu kitupu hadi nyimbo ziliposikika mbali kabisa.

Baba alikuwa amesikia kila kitu. Alishuka barazani bila viatu, akafuata mstari ule ule wa vigingi, akaingia msituni, akafika kwenye kibanda cha shamba cha Wakumu, wenyeji wa msitu ule, waliompa ndizi na kumficha hadi mji ulipotulia. Kwa hiyo naweza kushuhudia kwamba avenue ilitumika. Baba yangu ndiye mtu wa pekee aliyewahi kuipita.

Aliporudi, amekonda, ana ndevu, tulidhani atapiga magoti. Aliketi kwenye kiti chake, akanywa maji, kisha akamwambia mama kwa Kifaransa chake cha ofisini kwamba haikuwa lazima kusema wewe ni mtumishi; ungeweza kusema wewe ni jirani. Mama akachukua kikombe, akarudi jikoni. Baba akafunga mlango kwa ufunguo. Hawakuizungumzia tena siku ile, na nyumba haikutobolewa mlango, na tuliishi vile miaka mingi, kila mmoja upande wake wa ukuta, mimi nikienda huku na huku kwa kuzunguka majani. Nilikuwa na furaha kabisa. Hilo ndilo nililolikana.

Sasa nasikia kule kumekuwa ghali. Wenye fedha wamejenga ghorofa zenye kuta ndefu zilizochomekwa vipande vya chupa, na madalali wanawapeleka maprofesa Jumapili kuwaonyesha majani na kuwaambia kwamba ni mahali patulivu pa kulelea watoto. Maprofesa wanatikisa vichwa. Utulivu wa zamani ulikuwa wa bure na ulimchosha mama. Wa sasa una mlinzi na jenereta, na sijui unamchosha nani. Nami, msomi mwenye mafuta ya tumbo, nilikuwa nimekwisha kupanga mahali nitakapoweka kiti changu barazani, nikamwambia Amisi asiuze, kwa kuwa mama atakufa kwa huzuni akiondolewa kwenye nyumba yake. Nilipenda sana sentensi hiyo. Niliirudia kwa watu kadhaa.

Juzi simu yangu ililia, namba nisiyoijua.

"Zaina? Iko mama."

"Mama, usiogope. Hatutauza. Nitainunua miye, na utakaa pale pale."

"Nilishauza."

Nilikaa kitandani. Nikauliza kwa nani, akasema kwa kijana mmoja mwalimu na mke wake, wana watoto wanaopiga kelele sana, na Amisi alikuwepo. Nikauliza kwa nini hakuniambia.

"Ungekatala. Uko sawasawa na papa yako."

"Lakini mama, ulikuwa unapenda ile nyumba."

"Nani alikuambia?"

Nyuma yake palikuwa na redio, mtoto analia, na mwanamke akimkaripia mtu kwa Lingala kuhusu bei ya samaki.

"Nilikaa kule sababu ya papa yenu," alisema. "Sasa papa alienda. Nibaki kule namungojea nani?"

"Na uko wapi sasa?"

"Mujini. Nilikamata chumba." Kisha akasema haraka, kwa sauti ya uchangamfu ambayo sikuwahi kuisikia kwake kule njia ya Banalia, "Alors nakata simu, Zaina. Kuko mutu anaingia."